Thirty Flights of Loving: gemu ya robo saa inayoruka kama CD iliyokwaruzika

Mara ya kwanza nilidhani imezingua, sio utani. Nimekaa na dogo kitandani, laptopu tumeiweka juu ya mto (najua, najua, inachemka), tumeshuka tukaingia baa moja hivi, tukapenya mlango wa siri, tukakuta watu wawili wanatusubiri, unaona kabisa hapa kuna dili limeshapangwa kitambo, tukaelekea kwenye ndege. Pap. Tupo chumba kingine kabisa, jamaa mmoja kalala chini damu imetapakaa, na yule dada tuliyekuwa naye sekunde mbili zilizopita katunyooshea bastola.

Dogo akanigeukia. "Braza, imeruka?"

Nikamwambia itakuwa laptopu imeshindwa kuvuta hapo kati, ngoja tuzime tuanze upya. Tukaanza upya, baa, mlango, watu wawili, ndege. Ikaruka pale pale.

Ndo nikashtuka kumbe kuruka ndo gemu yenyewe.

Inaitwa Thirty Flights of Loving, ni ya 2012, sio mpya hata kidogo, mi ndo nimechelewa. Katengeneza Brendon Chung, Mmarekani anayefanya kazi zake kwa jina la Blendo Games, zamani alikuwa kwenye studio kubwa ya Los Angeles inaitwa Pandemic, studio ikafungwa 2009, jamaa akaendelea na mambo yake mwenyewe. Mziki kafanya Chris Remo. Na imezaliwa kiajabu kidogo, kuna podikasti ya gemu inaitwa Idle Thumbs walikuwa wanapitisha mchango Kickstarter (mtandao wa kuchangishana hela) ili warudi hewani, hii gemu ikawa ndo zawadi ya waliochangia, baadae ndo ikaingia sokoni kwa kila mtu. Ukicheza bila kuzubaa unaimaliza kwenye dakika 15. Sijakosea kuandika, kumi na tano, ugali unaweza usiive.

Naonya mapema, huko mbele namwaga karibu kila kitu. Sema hata nikikusimulia yote nadhani sijakuharibia sana, maana hadithi yenyewe ukiiandika inajaa kwenye meseji moja: watu watatu wanafanya magendo ya pombe, mmoja ni wewe ambaye huonekani, mwingine Anita, fundi wa milipuko, mwingine Borges, fundi wa kughushi. Mpango unaharibika. Na we na Anita kuna kitu kilipita kati yenu. Basi imeisha hiyo. Hakuna anayeongea mwanzo mwisho, hakuna maandishi ya kusoma chini, hizo fani zao wenyewe unazijua kwa vipicha vinavyopita fasta ukikutana nao. Sura zao sasa, vichwa vya pembe nne kama maboksi ya viatu, macho yamechorwa tu. Dogo alicheka hapo karibu dakika nzima.

Sasa hii habari ya kuruka. Waliokulia vibanda umiza watanielewa haraka. CD imezunguka mtaa mzima, imewekwa chini, imefutwa na tisheti, watoto wameishika na mikono ya mafuta ya vitumbua, ikifika katikati ya muvi picha inaanza kupasuka vipande vipande vya rangi, deki inatoa ule mlio wa kukoroma, halafu inaruka. Ulimuacha steringi anakunywa chai na mama yake, unamkuta yupo makaburini anaapa kulipiza kisasi. Kuna mtu alidai hela yake? Hakuna. Kuna jamaa wa benchi la nyuma tu anasema kwa kujiamini kabisa "hapo adui alikuja usiku akammaliza bi mkubwa", mwingine anambishia, hapana bi mkubwa aliumwa, na mabishano yanaendelea mpaka muvi inaisha. Nimeshawahi kuja kuiona muvi moja nzima ukubwani, CD safi haina mkwaruzo, nikakuta ile sehemu tuliyokuwa tunaibishania utotoni ni kitu cha kijinga kabisa, steringi kaenda dukani akarudi. Ya kwetu ilikuwa kali mara kumi.

Huyu Chung kaikwaruza CD makusudi, na kachagua pa kukwaruza. Dili lenyewe halipo! Nani kafyatua risasi ya kwanza haipo. Unaona kabla, unaona baada, hapo kati panakuwa kazi yako. Nikajikuta natafsiri kwa sauti kama Lufufu, yule mtafsiri wa muvi za vibandani, marehemu Kapteni Derek Mukandala, Mungu ampumzishe, wa Kenya wao watasema DJ Afro, ile ya "hapa sasa mwanangu huyu dada kashajua anasalitiwa ila anajikausha", na dogo pembeni ananikosoa, hapana braza yeye ndo msaliti mwangalie anavyokaa. Tulikuwa tunaitafsiri gemu ambayo hakuna hata mtu mmoja anayeongea.

Uwanja wa ndege ndo palinikamata zaidi. Umembeba Borges, anavuja damu, unakatiza naye katikati ya abiria na mabegi yao. Unapiga hatua, picha inakata, upo mbele kidogo, unapiga hatua, inakata tena, yaani ule mwendo mrefu wa uwanja wa ndege ambao kila mtu aliyewahi kuchelewa ndege anaujua kakukatia vipande, kakuachia pale tu ambapo moyo unadunda. Ngoja nisimame hapa kidogo. Mi nimecheza magemu yale ya dunia kubwa, unapewa farasi, unaambiwa rafiki yako yupo mlima ule, unasukuma kitufe dakika nane unaangalia mkia wa farasi. Sisemi mabaya, kuna siku unataka hivyo, unaweka bongofleva unatembea zako. Ila nilikuwa sijawahi kuona mtu anaediti kutembea. Kwenye muvi hatushtuki, mtu anatoka mlangoni anatokea ofisini, hakuna anayeuliza kapanda daladala gani. Kwenye gemu tumezoea kulipia kila hatua kwa miguu yetu wenyewe, hii ikikata unasikia kabisa umenyang'anywa kitu mkononi, maana wewe ndo ulikuwa unatembea. Kwenye muvi anakatwa mwingine, huku unakatwa wewe.

Mama akapita hapo hapo, ametoka kuanua nguo, akasimama mlangoni. "Nyie mmembeba nani huyo?" Dogo akamwambia rafiki yetu kapigwa risasi mama. "Sasa uwanja wa ndege mnaenda kufanya nini, si mumpeleke hospitali." Akaenda zake. Mpaka leo sina jibu la hilo swali na nadhani hata Chung hana.

Halafu kuna harusi. Sikumbuki tumefikaje harusini, hakuna anayekumbuka, ndo hivyo tena imeruka. Ni usiku, watu wamekaa kwenye meza, kuna vinywaji, unakunywa, Anita yupo, mziki unapanda taratibu, watu wanacheza, mara wanaocheza miguu inaachana na chini. Wanaelea. Wawili wawili wanazunguka hewani juu ya meza na hakuna anayeshangaa, gemu haikupi maelezo, haikuambii ni uchawi au ni ndoto au ni pombe. Mi nimewahi kwenda harusi Tanga taarabu ikakolea saa saba usiku, kuna dakika ukiangalia watu wanavyocheza unaapa hakuna aliyegusa sakafu, kwahiyo kwangu hapo hapakuwa na ajabu lolote, ni ripoti tu. Hiki ndo kitu nakipenda kwenye maajabu ya hii gemu, hayaletwi kukutisha wala kukuonyesha kwamba mtengenezaji ana akili nyingi, yanakuja pale ambapo hata wewe ukisimulia kwa mdomo ungedanganya hivyo hivyo.

Na machungwa. Kuna sehemu mpo wawili tu, we na Anita, unamenya chungwa. Ndo kitu pekee cha kufanya hapo, unabonyeza, ganda linatoka, unakula, unachukua lingine. Watu wa Muheza, kwenye machungwa yenyewe, wangecheka kwa namna linavyomenywa. Lakini baada ya mikato yote ile, baada ya damu na bastola, gemu inakuacha ukae hapo muda unaotaka mwenyewe, haikusukumi, na ndo unaelewa kwamba hapa ndo alipokuwa na furaha huyu jamaa unayemcheza. Nilikula machungwa mengi kuliko ilivyokuwa lazima. Dogo akaanza kulalamika twende braza, nikamwambia tulia, kwa sababu nilishajua nikitoka hapa narudi kwenye damu.

Kweli nikarudi kwenye damu, kuna mbio za pikipiki zinaisha vibaya, sisemi zaidi. Baada ya hapo unajikuta makumbusho. Naam, makumbusho, tulivu kabisa, unatembea mwenyewe unaangalia majina ya walioshiriki kutengeneza gemu yamepangwa kama vitu vya maonyesho, na kuna sehemu wanakufundisha kanuni ya Bernoulli, yule wa 1738, wa hewa na bawa la ndege. Mi nimesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), Bernoulli nilimkimbia tangu form five, sikutegemea anisubiri mwisho wa gemu ya mapenzi. Kwanini yupo? Nina nadharia yangu, ndege zote hizi, watu wanaelea harusini, jina lenyewe la gemu, kila kitu humo ndani kinapaa halafu kinaanguka, sasa mwishoni jamaa anakuonyesha hesabu ya kwanini kitu kizito kinaweza kukaa angani. Au ni utani tu. Dogo kasema ni utani, akaongeza kwamba natafuta maana kwa sababu nimelipia.

Haya tuongee hela, maana dogo kagusa penyewe. Bei ya kawaida Steam, duka la gemu la mtandaoni, ni dola 4.99. Mi nilisubiri punguzo, na hata hapo kadi yangu ya mtandaoni ilikataa mara mbili ikakubali ya tatu saa sita usiku bila sababu yoyote. Ukiingia kwenye maoni ya wanunuzi utakuta vita haijaisha, wengine wanasema kazi ya kipekee, wengine wanasema nimelipa dola 5 kwa dakika 15 huu ni wizi. Na siwacheki hao wa wizi. Banda la mtaani kwetu mechi moja ya FIFA ni jero, unakaa dakika zako kumi, ukimfunga mtu unaendelea kukaa, sasa piga hesabu elfu kumi na kitu kwa robo saa, hata kama unapenda sanaa vipi mfukoni panauma. Ukiwa na elfu kumi hiyo ya mwisho wa mwezi usinunue hii, nakwambia ukweli, nunua umeme. Ila mechi zote za FIFA nilizocheza mwaka jana hakuna hata moja naweza kukaa nikakusimulia, na hii nimeicheza mara sita sasa na nakuandikia gazeti zima hapa.

Kuna njia ya kati. Kuna gemu iliyotangulia inaitwa Gravity Bone, ya 2008, fupi hivi hivi, na hiyo ilitolewa bure. Ukinunua Thirty Flights unaipata ndani yake pia. Hiyo ni ya kijasusi, unaanza kama mhudumu kwenye pati moja ya wakubwa, unadhani unaijua inakoelekea, umefundishwa vitu, umepewa kazi ya kwanza, ya pili, umeanza kujiona mjanja, halafu inakupiga kofi. Sisemi kofi gani. Anza na hiyo, ukiona umechukia basi umeokoa hela yako, ukiona umebaki unaangalia ukuta njoo kwa hii nyingine. Mi nilizicheza kinyume nikajuta kidogo.

Upande wa mashine sasa, hapa ndo habari njema kwa wenzangu wenye laptopu za mkononi mwa mtu wa tatu. Injini aliyotumia, yaani programu inayoiendesha gemu kwa ndani, ni ile ya gemu ya zamani Quake II, ya 1997, ambayo wenyewe waliiachia kodi zake (code) bure kwa umma, Chung akaikarabati akajengea vitu vyake juu. Maana yake haihitaji kadi ya picha ya maajabu. Yangu ina RAM ya giga 4, kibodi yake herufi N inagoma mpaka uikemee, na haikukwama hata mara moja. Kuishusha haifiki giga moja kwahiyo bando la usiku linatosha na chenji inabaki. Na usidhani kwa sababu injini ni ya kale basi picha ni mbovu, zimepigwa rangi nzito za machungwa na nyekundu, vibao vimechorwa ukutani, mabango, matangazo, kila kona kuna kitu cha kusoma ukitaka. Vichwa vya maboksi unavizoea baada ya dakika tatu, na ukifika kwa Anita na machungwa unasahau kabisa kwamba uso wake ni mraba.

Malalamiko ninayo. La kwanza, wewe mchezaji hubadilishi chochote, hakuna uamuzi, hakuna kushinda wala kushindwa, unatembea na kubonyeza, kwahiyo kama gemu kwako ni ushindani hii itakuboa kabla hujafika kwenye ndege. La pili, mikato mingine ya mwishoni inakuja haraka mno, mara ya kwanza nilipitwa na kitu muhimu kwa sababu nilikuwa naangalia bango, na hakuna kurudisha nyuma, mpaka uanze tena, sawa ni fupi lakini bado inakera. La tatu ni kichwa kuuma, ile picha kukatika katika huku unatembea, dogo alisikia kichefuchefu kidogo, japo na yeye alikuwa ametoka kula chipsi mayai za usiku kwahiyo ushahidi haujakamilika. Vibao vyote ni Kiingereza pia, ila unaweza kuvipita tu.

Kuna vitu vya ziada, kuna sehemu ya mtengenezaji anaelezea kazi yake ukicheza tena, nzuri sana kwa anayetaka kujifunza kutengeneza gemu, kaisikilize ukishamaliza sio kabla. Na kuna kitu kinaitwa Goldblum mode, ukikiwasha watu wote wanageuka kuwa Jeff Goldblum, yule muigizaji. Harusi nzima ya Jeff Goldblum wanaelea. Sina la kuongeza.

Ukiamua kuicheza, cheza usiku, vaa iafoni, na ukiweza usicheze peke yako, tafuta mtu mbishi akae pembeni. Mi wa kwangu ni dogo, na juzi saa tano usiku nimeshalala nasikia mlango unagongwa. "Braza, nimerudia tena. Anita hakutaka kumpiga risasi Borges, alikuwa anakulenga wewe tangu mwanzo, cheki alivyokaa siku ya machungwa." Nikamwambia we hujui kitu, Borges ndo aliuza ramani, mtu kazi yake kughushi unamwaminije. Akasema twende tukaangalie. Tukaenda.